Pale Ninaposimama na Kurudi

Kwa miaka mingi mama yangu hakunisikia nikipiga piano nyumbani. Alichosikia ni mbao. Tuliishi, na bado tunaishi, ghorofa ya tatu huko Husby, kitongoji cha Stockholm, vyumba viwili na jiko, na chini yetu alikaa dereva wa teksi wa zamu za usiku, mtu wa kulala mchana. Alipanda kwetu mara moja tu, macho mekundu, akasimama mlangoni na soksi zake, akasema kwa Kiswidi cha kuungaunga kama cha mama kwamba yeye hana ugomvi na muziki, ana ugomvi na kukosa usingizi. Mama akamwonea huruma, maana naye amefanya kazi za usiku na anajua zinavyomla mtu. Kesho yake mama alirudi kutoka kazini na hedifoni, akakunja blanketi mbili akaziweka chini ya miguu ya piano yangu ya umeme, na tangu siku hiyo muziki wote ukawa unaingia masikioni mwangu peke yangu.

Nje ya masikio yangu kilichobaki ni vidole vikigonga vibao. Tap, tap-tap, tap. Mama alirudi kutoka kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, akavua viatu, akajifunga kitenge, akaanza kukata kabichi au vitunguu, na kisu chake kikafuata vidole vyangu. Hilo nilikuja kuligundua siku nilipovua hedifoni ghafla nikamkuta katikati ya mpigo, mabega yanacheza. Mimi sikusikia kisu, yeye hakusikia muziki, na chakula kiliiva. Tuliishi hivyo miaka mingi, kila mtu na nusu yake.

Ilikuwa ikiniudhi, niseme ukweli. Nilikuwa nikipambana na kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa, na jikoni panageuzwa ngoma ya vitunguu. Mara moja nilimwambia, kwa Kiswidi, maana nikikasirika Kiswahili hunikimbia, kwamba ule si muziki wa kuchezea. Akanitazama na kisu mkononi. “Sasa mimi nitajuaje, mama? Umejifungia humo na masikio yako.”

Nilianzia kanisani, kama wengi wetu. Kanisa letu hukodi ukumbi wa Waswidi Jumapili mchana, wenyewe wakishamaliza ibada na kahawa yao, na humo hukutana Warundi, Wakongo, Wanyarwanda, Wakenya wawili watatu, na watoto wanaoulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiswidi. Kwetu hakuna anayempa mwimbaji sauti ya kuanzia. Mtu anasimama, anafumba macho, anaanzia popote roho ilipompeleka, na kazi ya mpiga kinanda ni kumtafuta mpaka ampate. Nikiwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa nimeshampata mtu kabla mstari wa kwanza haujaisha. Na ukishampata humwachi. Akilia katikati, akisahau maneno, kwaya inamdaka na wimbo unaendelea, na akimaliza watu wanapanda mbele kumfuta jasho kwa leso huku vigelegele vikipasua dari. Humo ndimo nilimojifunzia, na sikuwahi kuogopa.

Woga niliupata chuoni. Nilipokubaliwa kwenye chuo cha muziki, kanisa zima lilinishangilia kama bibi harusi, na mimi mwenyewe nilitembea wiki nzima nikicheka peke yangu kwenye treni. Kisha nikaingia chumba ambamo unapiga bila noti mbele yako, kwa kichwa na mikono tu, na watu wanakusikiliza kimya, kimya kabisa, mpaka unasikia mtu akimeza mate. Hakuna anayekudaka. Ukianguka, wanatazama viatu vyao kwa adabu.

Kipande kilichonitesa kilikuwa sonata ndefu, utunzi wa piano wa sehemu kadhaa, ya mtunzi wa kale aliyekufa kijana. Sehemu yake ya pili inakwenda polepole sana. Mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unaruka juu yake na kurudi, unaruka na kurudi, na mwendo huo haubadiliki karibu mpaka mwisho. Halafu panafika mahali ambapo wimbo unatoka kwenye huzuni na kuingia kwenye kitu kilicho karibu na msamaha, na mkono wa kushoto unatakiwa kutua kwenye kibao kingine, jirani tu na kile ulichozoea. Kibao kimoja. Tangu siku ya kwanza nilipokisoma kipande kile, nilipofika pale mkono ulisita hewani. Nilisimama, nikarudi nyuma mistari michache, nikaanza tena, na mara ya pili nikapita bila shida. Siku zote ilikuwa hivyo: kusimama, kurudi, kupita.

Mwalimu wangu, mwanamke wa Kifini mwenye maneno machache, alinivumilia kwa muda. Siku moja aliweka mkono wake juu ya wangu. “Hujifunzi kupita hapa,” alisema. “Unajifundisha kusimama.” Nilimchukia jioni nzima kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nilihitimu nacho hivyohivyo. Siku ya mtihani nilipita pale kwa bahati, sijui hata kwa mkono gani, nikapewa maua. Mwezi uliofuata kadi yangu ya mlango wa chuo ilizimwa, na pamoja nayo zikaisha piano zote kubwa nyeusi nilizokuwa nimezizoea kama haki yangu. Nikarudi Husby, kwenye blanketi mbili na hedifoni.

Watu wakisikia mpiga piano wa jukwaani, wanaona gauni refu na taa. Mwaka wangu wa kwanza niliupitisha nikipiga kwenye maktaba watoto wakigombania midoli, kwenye mazishi ya watu nisiowajua, na kwa kwaya ya wastaafu huko Hagsätra ambao walikuwa na keki nzuri na masikio mabaya. Siku nyingine zote nilikuwa kibarua kwenye nyumba ileile ya wazee anakofanya kazi mama, wakipungukiwa mtu wananipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nikiwaogesha wazee kwa mikono hii hii, nikiogopa kila nilipomwinua mtu kwamba kifundo kitateguka. Sikumwambia mama woga huo. Yeye mikono yake imefanya kazi hiyo tangu niko shule ya msingi na haijawahi kuulizwa inajisikiaje.

Tamasha langu la kwanza la peke yangu lilikuwa Södertälje, kwenye ukumbi wa kanisa. Mama alikuwa zamu. Nilianza vizuri, hata nikajipenda kidogo, na hapo ndipo nilipoponzeka. Nilipofika pale, mkono wa kushoto ukapanda na usishuke. Kichwa kikawa kitupu kama chumba kilichohamwa. Nilirudi nyuma, lakini mbele za watu hata pa kurudia sikupajua, nikashika hapa, nikashika pale, mwisho nikarukia kurasa mbili mbele na kumalizia nikiwa nimekufa ganzi. Wakapiga makofi ya huruma. Mzee mmoja akaniambia kwamba nina nguo nzuri.

Nyumbani mama aliuliza ilikuwaje. “Bra,” nilimjibu, yaani vizuri, nikaingia bafuni nikafungua maji ili nilie bila kusikika.

Baada ya hapo kila tamasha dogo lilinitoa jasho siku tatu kabla. Nilikuwa naamka mkono wa kushoto ukiwa umekakamaa mpaka shingoni. Na katikati ya hali hiyo ndipo aliponipigia simu mwanamke mmoja, mratibu anayewapeleka wanamuziki vijana kwenye miji midogo, makanisani na kwenye kumbi za manispaa. Alinisikia siku ya mtihani, siku ya ile bahati. Alikuwa na nafasi ya msimu wa vuli, miji minane, lakini alitaka kwanza kusikia programu yangu nzima mbele ya watu. Angenikodia ukumbi mdogo mjini Stockholm, Jumamosi mchana mwezi wa tatu, na angekaa nyuma asikilize.

Tulikunywa kahawa. Alikuwa mtu mwema, ndiyo maana nilishindwa kumchukia ipasavyo. Aliniuliza kama ningeweza kuzungumza kidogo kati ya vipande, kuhusu kambi ya wakimbizi. Nilizaliwa kambini Kigoma, mama yangu alikimbia kutoka Burundi, na hayo alikuwa ameshayajua kabla ya sukari kuyeyuka. Nikamwambia ninachokumbuka kambini ni ndoo ya manjano na kuku wa jirani aliyenidonoa kidole. Akacheka, akasema hata kuku anafaa. Mimi sikucheka. Nimesoma muziki miaka yote hiyo ili nije kuuza kuku?

Wiki hiyohiyo mkuu wa nyumba ya wazee aliniita ofisini. Kulikuwa na kazi ya kudumu, siku zote, kuanzia kiangazi. Mama ndiye aliyeniombea, kwa siri, akisubiri mpaka bosi awe na hali nzuri. Mkuu alitaka jibu Jumatatu, na Jumatatu hiyo ilikuwa inafuata Jumamosi ya tamasha. Jioni nyumbani mama alikuwa anang'aa. Kwa watu kama sisi, kazi ya kudumu ni mkataba wa nyumba, ni likizo, ni kulala bila kukumbatia simu. “Piano utapiga wikiendi,” alisema. “Kanisani wanakuhitaji.”

Ndani yangu nilikuwa nimeshaweka mambo wazi: nikipita pale Jumamosi, nitaikataa kazi. Nikianguka tena, nitakwenda kuwaogesha wazee maisha yangu yote na kinanda kitakuwa cha Jumapili. Niliona heri niamuliwe na kile kibao kimoja kuliko kuamua mwenyewe.

Nikafanya mazoezi kama mwendawazimu. Na mkono wangu, kwa jeuri tu, kila ulipofika pale ulisimama. Kusimama, kurudi, kupita. Jikoni kisu kiliendelea na shughuli zake.

Mama alitaka kuja na kwaya nzima. Nilikataa. Nikamwambia aje yeye tu, nikampa masharti nikihesabu kwenye vidole. Hakuna kupiga makofi mpaka nisimame kabisa kutoka kwenye kiti. Hakuna kusema amina. Hakuna kigelegele. Na hata nikilowa jasho kama mtu aliyetoka mtoni, asije mbele kunifuta.

“Na nikishikwa na roho?” aliuliza.

“Usishikwe.”

“Hao Wazungu hawashikwi?”

“Wanashikwa kimyakimya, mama.”

Akatikisa kichwa, akasema basi, atajikaza. Alibadilishana zamu na mwenzake. Jumamosi alivaa imvutano, vazi la Kirundi analolitoa kwa harusi tu, akaketi safu ya tatu pembeni na mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Ukumbi ulikuwa na viti vya zamani vya mbao, na watu labda arobaini. Mratibu wangu alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Sehemu ya kwanza ya sonata ilikwenda. Baada yake mama peke yake aliinua mikono kupiga makofi, akakumbuka, akaishusha, na nilimpenda sana wakati ule. Nikaanza sehemu ya pili. Ile piano ilikuwa nzuri kuliko mimi, sauti yake ilikuwa inakaa hewani muda mrefu kabla ya kuondoka. Kwa muda nilisahau kuogopa. Kisha nikakumbuka kwamba nimesahau, na hapo hapo nikajua nimekwisha.

Nilifika pale. Mkono wa kushoto ukapanda, ukasimama juu ya vibao, na chini yake hapakuwa na kitu. Nilisikia kiti cha mtu kikilia. Kimya kile nilichokuwa nakiogopa tangu chuoni kilikuja kizima, na ndani yake nikasikia kitu kingine, kidogo sana, kutoka upande wa safu ya tatu.

Tap, tap-tap, tap.

Ilikuwa kucha juu ya mbao. Bila shaka ilikuwepo tangu mwanzo wa sehemu ile, chini ya sauti ya piano, na mimi sikuisikia mpaka niliponyamaza. Nilikuwa nimemkataza makofi, amina na kigelegele, lakini kugonga kidole kwenye kiti sikukukataza, na mama yangu hajui kusikiliza na mwili mzima umetulia. Kidole chake kilisimama mpigo mmoja baada yangu. Akasubiri kidogo. Halafu, bila haraka yoyote, akaanza tena kugonga, na alichogonga kilikuwa ile mistari ya nyuma ninayorudia kila siku.

Alikuwa anarudi. Kwake yeye wimbo ulikuwa hivyo.

Mikono yangu ilimfuata kabla mimi sijaamua lolote. Ulikuwa mwendo wa jikoni kwetu, niliujua kuliko ukumbi, kuliko chuo. Nilirudi naye, nikafika pale mara ya pili, na kama siku zote mara ya pili nikapita. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye mkono. Ila mama hakuacha. Sasa sauti ya piano ilikuwa imeshuka chini kabisa, mahali ambapo mtunzi anataka isikike kwa shida tu, na katikati ya unong'ono huo mama anagonga kiti chake kwa furaha. Mtu wa mbele yake aligeuka. Akamtabasamia. Mwanamke wa kando akaweka kidole mdomoni. Mama akajigusa mdomo kuona kama umefunguka, akaona umefumbwa, akaendelea kugonga. Nilipiga mpaka mwisho nikiwa naona aibu inayounguza na shukrani inayounguza, na siwezi kusema ipi ilikuwa kali zaidi.

Nilipomaliza programu nzima nilisimama. Alinitazama vizuri kuhakikisha nimesimama kabisa, ndipo akapiga makofi, na kigelegele kimoja kikamponyoka. Watu wakacheka, kwa wema.

Mratibu alinikuta kwenye chumba kidogo cha nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinishika mabega akasema hajawahi kuona kitu kama kile, mama akimwokoa binti yake jukwaani. Aliuliza kama tulipanga. Nikasema hapana. Nikaona wazo linavyopanda usoni mwake. Mama yangu angeweza kusafiri? Angekaa mbele, upande wa kushoto, nami ningeeleza habari ya kambi na ya kugonga. Miji yote minane ingelia.

Nilichemka. Nikamwambia kwamba mama yangu ana kazi, ya kudumu, na kwamba kama anataka kunisikia nikipiga piano nitakuja peke yangu na nitapiga piano. Bila kambi, bila kuku, bila mama. Akasema ananielewa, atanipigia. Alipoondoka nilikaa juu ya rundo la viti nikijiuliza ni nini nimemkatalia, maana ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanguka, na bila kile kidole ningekuwa bado niko kule nimeinua mkono.

Mama alinisubiri nje na mkoba wake. Tulipanda treni ya buluu, ile ya chini ya ardhi, kurudi nyumbani. Vituo vingi vilipita, na mimi niliogopa kwamba ameelewa kilichotokea.

“Sikujua ule wimbo ni wa msiba,” alisema mwishowe.

“Upi?”

“Ule wa polepole. Miaka yote naupikia. Nilidhani ni wa sherehe.” Alifuta kioo cha dirisha kwa kiganja ingawa hakikuwa na kitu. “Mbona hukuniambia kama unalia humo ndani?”

Nilimuuliza, kwa Kiswahili safari hii, nikichagua maneno, kama aliona kosa lolote.

“Kosa gani?” alishangaa kweli. “Uliupiga vilevile kama nyumbani. Hata pale unaposimama na kurudi, ulisimama vizuri.”

Niligeuza uso nikatazama gizani mwa njia ya treni. Mratibu alijua nimeanguka akaona hadithi. Watu arobaini walijua nimeanguka wakawa na adabu. Mtu mmoja tu ukumbini hakujua, na huyo ndiye aliyenishika mkono. Ningemwambia kwamba ameniokoa, ingebidi nimwambie pia kwamba kulikuwa na shimo. Nikaacha.

Usiku ule nililala vibaya, Jumapili nikapiga kinanda kanisani kama mtu anayeosha vyombo. Mratibu alipiga simu jioni yake. Miji mitatu badala ya minane, kwa kuanzia, na nisizungumze kama sitaki. Sauti yake ilikuwa imepoa kidogo. Nilikuwa nimejiwekea sharti langu mwenyewe, kwamba nikianguka nitachukua kazi, na nilikuwa nimeanguka. Lakini lile sharti lilinishinda kulitimiza. Nilitaka, walau mara moja katika maisha yangu, kupita pale mbele ya watu bila kusimama, nijue palivyo upande wa pili. Jumatatu niliingia ofisini kwa mkuu wa nyumba ya wazee nikaikataa kazi.

Mama alipata habari kutoka kwa wenzake wa zamu. Aliporudi hakuvua viatu mlangoni, akaja navyo mpaka sebuleni. “Nimekuombea kwa magoti,” alisema. “Miji mitatu. Halafu?” Sikujua halafu. Alipika siku zile bila kunisubiri, na nilipovua hedifoni sikusikia kisu, alikuwa anakata mboga kabla sijaamka. Ilinichoma kuliko maneno. Kiangazi kizima niliendelea kuwa kibarua wa kupigiwa simu, na yule aliyeichukua kazi niliyoikataa alinisalimia kila asubuhi kwa furaha, maskini, hakuwa na kosa.

Nilifanya kazi na ile mistari kwa namna nyingine. Sikuianza tena kutoka nyuma. Nilianza hapo hapo penye kibao kile, nikaenda mbele, siku baada ya siku, kana kwamba wimbo unaanzia pale. Mkono uligoma, ukalalamika, ukaanza kuzoea. Mama alirudi polepole jikoni jioni.

Mji wa kwanza wa vuli ulikuwa mdogo, kanisa la mbao kando ya ziwa, mvua inapiga paa. Nilikwenda peke yangu kwa treni na mkoba wa nguo. Nilipofika kwenye sehemu ya pili nilijikuta natega sikio kwa safu ya tatu, na safu ya tatu alikaa mzee aliyesinzia. Mkono wa kushoto ukapanda. Ukashuka penyewe. Nikawa nimepita, na upande wa pili palikuwa pazuri kuliko nilivyowahi kupasikia kwenye hedifoni, na hakuna mtu pale aliyejua kwamba kuna kilichotokea. Nilimaliza nikainama, nikatamani sana kufutwa jasho.

Nilirudi kesho yake mchana. Mama alikuwa jikoni, vitunguu kwenye kibao, sufuria ya maharage motoni. Sikungoja kuvua koti.

“Mama, jana sikusimama. Ule wimbo wa polepole. Nimepita moja kwa moja, bila kusimama, bila kurudi.”

Nilitaka ashangilie. Aliacha kukata. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba wameng'oa benchi alilozoea kukalia njiani.

“Umepaondoa?”

“Hapakuwa pa wimbo, mama. Nilikuwa nakosea. Miaka yote ile nilikuwa nakosea.”

Akageukia sufuria, akainua kifuniko, mvuke ukamfunika uso. Alichovya kijiko, akakishika hewani hakukipeleka mdomoni.

“Pale,” alisema, “ndipo nilipokuwa naonja chumvi.”